Mapigo Matatu ya Dude la Mgombani

Nyamiaga, Ngara
12 Januari 2025

Mdogo wangu Anatory,

Marahaba, maana najua umeniamkia hata kabla hujamaliza kuchana bahasha. Huku tu wazima. Mvua zimekuja vizuri na maharage yametoa maua. Iradukunda amefungua shule, yuko darasa la sita, na sasa ananizidi urefu kwa kidole kimoja.

Naandika kwa sababu simu imenichosha. Nikikupigia nikakuuliza habari za filamu yenu unasema, "Safi dada, watu wameipenda," halafu unaniambia chaji inaisha. Chaji gani hiyo inayoisha kila nikimtaja Minani? Baba alikuwa akisema neno zito lipewe karatasi, nasi watoto wa katekista tulikua tukiandikiana hata tukiwa nyumba moja. Basi andika. Deodata anakuja huko Biharamulo kila wiki na magunia yake ya maharage. Yeye ndiye posta yetu.

Ninachotaka ni hiki. Uliniambia kwamba pale mlangoni kwenye kibanda cha video, Zita anawapa watu daftari waandike maoni wakati wa kutoka. Nayataka maoni hayo. Yote, ya kusifu na ya kuponda. Mume wangu Minani alikaa wiki mbili huku kwetu ndani ya yale magunia na majani makavu ya mgomba akiwa dude lenu, na hakuiona filamu ilivyokuja kuwa. Yeye alikufa Oktoba, ninyi mkaionyesha Desemba. Nami siwezi kuja kuiona. Unajua ukweni kwangu wanavyoyashika matanga ya Kirundi: mpaka siku ya kuganduka, yaani tanga liondolewe, mjane haendi penye ngoma wala penye kicheko. Shemeji zangu wamepanga Jumamosi ya baada ya Pasaka. Ni mbali.

Kwa hiyo nisomee watu wanasema nini juu yake. Mengine yote ya mtu huyu nimeshayasikia, na sina tena mahali pa kupata jipya.

Dada yako,
Bonifasia


Biharamulo mjini
20 Januari 2025

Dada Bonifasia,

Shikamoo, hata kama umeshaitikia.

Umenikamata kwenye chaji. Nisamehe. Haya, nakunakilia daftari. Zita huwapa watu namba badala ya kuandika majina, ili mtu aponde kwa raha zake.

Namba 1: "Hadithi nimeielewa. Kila anayetia maji kwenye rubisi, pombe ya ndizi, anatokewa na dude mgombani. Mke wangu anapika rubisi. Kesho namleta."

Namba 2: "Dude limevaa viatu vya mvua. Nimeviona. Kimoja kina kiraka."

Namba 4: "Sijatishika hata kidogo. Ila chooni nilisindikizwa."

Namba 5: "Macho ya dude ni tochi mbili na ya kushoto betri imekwisha. Boresheni."

Namba 7: "Nilikuja kuona dude, nimeona gunia la mbolea. Maandishi yanasomeka ubavuni."

Namba 8: "Huyo mwenyekiti wa kijiji anayekimbia na ndoo ya pombe kichwani asimwage hata tone, apewe zawadi." (Huyo ni Idefonsi. Tangu alipoisikia hii hakai tena na sisi, anakaa peke yake kama mtu wa televisheni.)

Namba 11: "Aliyecheza dude ana moyo. Alipokutana na bibi mwenye mzigo wa kuni alisahau kutisha akampokea mzigo. Hilo sijawahi kuliona kwa dude lolote."

Namba 19: "Filamu ni fupi. Ongezeni."

Ile ya kuni, dada, haikuwa kwenye maandishi yangu. Bibi Eustakia alikuwa anapita zake kutoka kuchanja kuni, wala hakujua tunapiga picha. Shemeji akamfuata akiwa ndani ya gunia lake, akampokea mzigo yule mama akaubeba mpaka kwake, nami nikabaki nafoka kwamba anaharibu. Nikaja kuiacha kwa kukosa kipande kingine. Sasa ndiyo wanayoisifu. Mimi mwongozaji sijui hata nilikuwa naongoza nini.

Nisalimie Iradukunda.

Mdogo wako,
Anatory


Nyamiaga
2 Februari 2025

Anatory,

Nimecheka. Nimecheka peke yangu jikoni hadi nikaangalia mlangoni kama kuna shemeji anayepita, maana kicheko chenyewe kilikuwa cha kuvunja matanga. Kile kiraka cha kiatu nilikiweka mimi, kwa kipande cha tairi la baiskeli. Minani alisema, "Nani atamtazama dude miguu?" Nikamwambia watu hawakosi. Mwambie namba mbili ana macho mazuri. Nilipofika kwa yule wa kuni ndipo nikalia, lakini kilio kizuri, usihangaike.

Sasa nina maswali mawili.

La kwanza. Mimi ni katibu wa jumuiya yetu mwaka wa tisa huu, na mtu hanipi orodha yenye mapengo nikanyamaza. Mbili tatu kurukwa hapa na pale ni sawa, mtu huandika upuuzi. Lakini umetoka kumi na moja ukatua kumi na tisa. Watu saba wamekwenda wapi?

La pili. Iradukunda anasema huko shule wameshaiona filamu, kuna mtoto aliitia kwenye simu ya kaka yake. Wakimwona anapita wanaanguka chini, wanatetemeka, wanapiga ardhi mara tatu kwa kiganja. Pa, pa, pa. Halafu wanacheka. Naye anacheka nao, anasema baba yake ni maarufu. Hata Misa ya Jumapili mtoto mmoja alipiga hivyo kwenye benchi la mbele. Ni kitu gani hicho? Kwenye maoni yako hakuna mtu hata mmoja aliyekitaja.

Bonifasia


Biharamulo
9 Februari 2025

Dada,

Shikamoo.

Kurasa hizo saba zilimwagikiwa chai. Hazisomeki.

Hayo mapigo ni kipande kimoja tu karibu na mwisho. Watoto hupenda vitu kama hivyo, watasahau.

Kuna jambo lingine nilitaka ulijue kabla hujalisikia kwa Idefonsi. Watu wa Mwanza wanaoandaa maonyesho ya filamu za mikoani wameiomba. Nimewakatalia. Na kibandani nimeishusha tangu wiki iliyopita. Nafikiria kuifuta kabisa. Idefonsi hasemi nami, na Zita ameniuliza kama nimerogwa. Sijarogwa, nimechoka nayo tu.

Anatory


Nyamiaga
16 Februari 2025

Anatory,

Chai! Wewe uliyekuwa unafunika madaftari yako kwa mfuko wa nailoni hata kiangazi. Tafuta uongo mwingine, huo nimekulea nao.

Nimekaa nikafikiri, na nadhani nimejua. Hao watu saba wameandika kwamba dude ni Mrundi. Kama ni hilo, toa kurasa zako. Wazazi wake waliingia nchi hii mwaka sabini na mbili, yeye amezaliwa hapa hapa Ngara, mtoto wa nane kwa mama yake, ndiyo maana akaitwa Minani, na bado hakuna kilabu alichonywea asikumbushwe. Nimeolewa naye miaka kumi na sita. Nimeyasikia yote. Hayaniui.

Lakini kama unafuta filamu kwa sababu mwenyewe amekufa, kwamba labda magunia yale na joto lile ndivyo vilivyommaliza, basi ngoja nikuambie nisilolisema hata kwa padri. Mwezi wa tano, kabla hamjaanza, alikwenda hospitali kwa ajili ya ile pumzi iliyokuwa inamkatika akipanda kilima. Wakamwambia moyo umepanuka. Asibebe, asikimbie, asikae penye joto. Nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio haya. Siku uliyokuja kumwomba awe dude alinikonyeza, na tulipotoka kukusindikiza akaniambia, "Mama Iradukunda, ukimwambia atatafuta mwingine. Mimi tangu nizaliwe nimekuwa mlimaji tu. Acha niwe dude wiki mbili." Nikanyamaza. Alivyofurahi! Kila jioni alikuwa anamwonyesha mtoto namna dude linavyotembea. Nani angeweza kumnyang'anya hiyo? Ningeweza mimi, na sikuweza. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema watu, lakini hawasemi kinamfanya nini mke aliyesaidia kuficha. Hulala hivi hivi macho wazi.

Kwa hiyo usijibebeshe. Na hayo mapigo matatu, Iradukunda aliponieleza tena ndipo nikakumbuka. Siku ile alipoanguka, jioni alipokuwa amelala kitandani, alinieleza mwenyewe. Alisema mlikuwa na ishara, kwamba akizidiwa apige chini mara tatu, umfungue. Akasema, "Nilipiga, lakini muramu hakuniona. Jua lilikuwa machoni mwake." Hivyo ndivyo alivyokuita mpaka mwisho, muramu, shemeji yangu. Akacheka, akaomba uji. Kumbe mmeiacha hiyo kwenye filamu bila kujua ni nini, na watu wakadhani ni uigizaji. Ni ajali, mdogo wangu. Iache filamu iende Mwanza.

Dada yako,
Bonifasia


Biharamulo
24 Februari 2025

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa stendi, Deodata amesimama mbele yangu anasubiri jibu. Nimemwambia aende. Nimekaa nayo siku tano.

Kurasa hazikumwagikiwa kitu. Hizi hapa.

Namba 12: "Pale dude linapoanguka na kupiga chini mara tatu! Kibanda kizima tulipiga nalo."

Namba 13: "Nimecheka mpaka nikatoka nje kutafuta hewa."

Namba 14: "Mara tatu. Pa pa pa. Mbavu zangu."

Namba 15: "Uigizaji wa kufa ni wa kiwango cha juu. Ndugu huyu amesomea wapi?"

Namba 16: "Linavyotapatapa kama kuku! Mungu awabariki vijana wetu."

Namba 17: "Hiki kipande peke yake kinatosha."

Namba 18: "Rudisheni pale pa mapigo matatu."

Tulirudisha. Siku ya kwanza tulirudisha mara nne. Nilikuwa nimekaa nyuma, nami nilikuwa nacheka, kwa sababu watu mia moja wakicheka kitu chako mdomo unafunguka wenyewe. Mara ya nne ndipo nikatoka.

Nilimkataza kusema akiwa ndani ya gunia. Dude halijui lugha ya watu, nilimwambia, na neno moja tu likiingia kwenye sauti tunarudia kipande kizima. Ndiyo sababu ya ishara. Ishara niliipanga mimi. Mafundo niliyafunga mimi, matano, mgongoni, ambako mkono wake haufiki, kwa kamba ya katani.

Siku ile ya mwisho, saa kumi na moja jioni, mwanga uliingia mgombani wa namna ambayo wiki mbili nzima nilikuwa nauombea. Akawa anamkimbiza Idefonsi, akaanguka. Hilo halikuwa kwenye maandishi. Akaanza kutetemeka. Akapiga mara tatu.

Jua halikuwa machoni mwangu, dada. Mpiga picha hasimami akilitazama jua, jua linakuwa mgongoni kwake. Niliona. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nikajua maana yake, na nikasema moyoni, sekunde chache tu. Mwanga huu haurudi. Chache tu. Nikaendelea kushika simu. Idefonsi ndiye aliyerudi mbio, akampasua gunia ubavuni kwa kisu cha kumenyea ndizi. Mimi nilikuwa bado napiga picha.

Hakufa siku ile, najua. Ameishi miezi miwili na zaidi. Najua na habari ya moyo, sasa umeniambia. Lakini hakuna anayejua moyo ule ulivunjikia wapi, na kila kijiji kinachopiga ardhi mara tatu kinaniita mimi. Yeye aliniita mara moja. Wao hawaachi.

Sikutaka ulijue. Sasa unalijua.

Anatory


Biharamulo
23 Machi 2025

Dada Bonifasia,

Shikamoo.

Mwezi umekwisha. Deodata amepita mara nne. Kila mara namuuliza, kila mara ananiambia, "Dada yako hakunipa kitu," na hanitazami usoni. Nimepiga simu, Iradukunda anapokea, anasema mama yuko shambani. Hata saa mbili usiku yuko shambani.

Majuto ni mjukuu, tuliimbiwa tangu wadogo. Nilidhani ni msemo wa kutishia watoto.

Filamu sijaifuta. Kila nikitaka kuifuta namkuta yumo humo ndani anabeba kuni.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba uandike, hata kama ni matusi.

Anatory


Nyamiaga
6 Aprili 2025

Anatory,

Maoni ya mtazamaji namba 48. Mwambie Zita ayaandike kama yalivyo.

"Nimeitazama jikoni kwangu kwenye simu ya Deodata, mlango umefungwa. Wakwe walinikataza kwenda penye kicheko, nami sikwenda, na sikucheka. Viatu vya mvua vinaonekana kweli. Gunia linasomeka. Aliyecheza dude anatembea kama mtu aliyepewa sikukuu. Pale pa kuni nimerudisha mara tano. Pale pa mapigo nimetazama mara moja, nikahesabu tangu pigo la tatu mpaka picha inapohamia kwa kuku. Nimefika thelathini na nane."

Hayo ndiyo maoni. Sasa yangu mimi na wewe.

Nimekukasirikia wiki tano. Nimekuita majina ambayo Baba angenitoa kwenye kwaya. Siku moja nilitoka na kiberiti kwenda kulichoma lile dude, ambalo Idefonsi alilileta hapa jioni ile na tangu wakati huo liko stoo, juu ya majembe. Nikalishika. Bado lina harufu yake. Nikarudi.

Halafu nikaitazama filamu, na kuna kitu nimekiona ambacho hata wewe hukukiona. Jua linampiga yeye usoni. Linang'aa kwenye yale meno ya dude ya visoda, mtu hawezi kukosea. Na Minani alikuwa wiki mbili mbele ya simu yako. Kila siku unamwambia simama hapa, geuka huku, lifuate jua. Alijua vizuri sana mpiga picha anasimama upande gani. Kwa hiyo aliponiambia jua lilikuwa machoni mwako, alikuwa anasema uongo, na alijua ni uongo. Mtu aliyekuwa hajapata nguvu ya kushika kikombe cha uji alitafuta uongo wa kukusitiri, akauweka kwangu niutunze. Alijua ulimwona, Anatory. Na kesho yake uliposhika njia ya kurudi Biharamulo alikusindikiza mpaka barabarani, akakubebea na begi. Nilimgombeza kwa hilo begi.

Basi sote tulificha kitu. Mimi nilimsaidia kuficha moyo, yeye akakuficha wewe, nawe ukaficha kurasa saba. Sijui hesabu hii Mungu ataifungaje. Mimi sijakusamehe bado. Nataka, lakini bado, na sitaki kukuandikia la uongo kwenye karatasi ya nyumba hii.

Filamu usiifute. Mtu wangu hana mahali pengine anapotembea. Ipeleke Mwanza, waone anavyompokea bibi Eustakia kuni. Lakini mapigo yale yatoe. Alikuwa anasema na wewe pale, hakuwa anasema na kibanda. Iradukunda nimemwambia maana yake. Siku ya pili watoto walipoanguka mbele yake akainama akawashika mikono, akawainua mmoja mmoja. Sasa wameacha.

Tanga tunaliondoa Jumamosi ya baada ya Pasaka, tarehe ishirini na sita. Ndugu wote watakuwepo, na rubisi itakamuliwa, haitatiwa maji. Uje Ijumaa. Usije na simu yako ya kupigia picha.

Idefonsi alipasua ubavu tu siku ile, mgongo hakuugusa. Mafundo yako yapo, yote matano, kamba imekauka na kukaza. Shemeji zangu walitaka kuyakata kwa panga ili gunia lipate kufuliwa na kuhifadhiwa. Nimewakataza. Nimewaambia yana mwenyewe, na mwenyewe anakuja kuyafungua.

Bonifasia